Nani Alichora Yule Papa?

Hata kama hujawahi kuitazama Jaws, filamu ya mwaka 1975, bango lake unalijua. Msichana anaogelea juu, peke yake, maji yametulia. Chini yake papa mkubwa kupita kiasi anapanda wima kama lifti, mdomo wazi, meno yamejipanga ovyo. Juu kabisa jina la filamu kwa herufi nyekundu. Basi. Hakuna sura ya mwigizaji, hakuna mlipuko, hakuna jamaa aliyekunja mikono. Nusu karne imepita na bado watu wanalitania hilo bango kwenye fulana, kwenye meme, hadi kwenye vibonzo vya siasa, na hakuna anayeuliza "hii ni nini?"

Siri yake ni rahisi ukishaiona. Wewe unajua kitu ambacho yule msichana hajui. Amebakisha sekunde chache na hana habari, na wewe uko pale kama shahidi, huwezi kumpigia kelele. Filamu nzima iko ndani ya hiyo picha moja. Kusema ukweli, bango linamwonyesha papa vizuri kuliko filamu yenyewe. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya Steven Spielberg alikuwa anaharibika kila mara akiguswa na maji ya chumvi, kwa hivyo ukitazama unangoja zaidi ya saa moja kabla hujamwona sawasawa. Aliyekuwa anawatisha watu tangu mlangoni ni yule wa rangi na brashi.

Sasa swali langu. Nani alimchora?

Nimeuliza wasee kadhaa ambao wanajua filamu kunishinda. Spielberg wanamjua. Aliyetunga ule muziki wa "du-dum, du-dum" wanamjua, John Williams. Mchoraji? Kimya.

Anaitwa Roger Kastel, Mmarekani, alifariki mwaka 2023. Na hata hakuchora bango la filamu. Alichora jalada la kitabu. Peter Benchley alitoa riwaya ya Jaws mwaka 1974, na kampuni ya Bantam ilipotaka kuitoa upya kwa jalada jepesi ikampa Kastel kazi. Jamaa akasoma kitabu, akachagua tukio la mwanzo, akaenda makumbusho ya historia asilia jijini New York kupiga picha za papa waliokaushwa, kisha akamwomba mwanamitindo ajilaze juu ya kiti akijifanya anaogelea. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Universal, waliokuwa wanatengeneza filamu, wakaona jalada, wakalichukua. Mchoro wenyewe wa rangi ya mafuta ulipotea baadaye, na hadi leo haujulikani uko wapi. Picha ambayo imewaingizia watu pesa kwa miaka hamsini, na ile ya asili imepotea kama mwavuli uliosahaulika ndani ya matatu.

Hapo ndipo mimi huanza kukasirika kidogo. Mabango ya filamu tunayapenda, tunayabandika chumbani, tunayaweka kwenye simu, lakini ukifuatilia historia yake unakuta foleni ndefu ya watu waliofanya kazi ya ajabu na majina yao hayakuandikwa popote. Acha niwapitishe, halafu mniambie kama nimekosea kukasirika.

Tuanzie Paris, kwa sababu ndiko mambo yalikoanzia. Kabla sinema haijakuwepo, ukuta wa mji ulikuwa tayari umejaa mabango. Jamaa mmoja anaitwa Jules Chéret alikuwa ameboresha uchapaji wa rangi kwa kutumia mawe, litografia, kuanzia miaka ya 1860. Unachora kwenye jiwe laini, kila rangi na jiwe lake, karatasi inapita juu ya mawe yote hayo moja baada ya jingine. Chéret akauza kila kitu kwa njia hiyo: kumbi za ngoma, pombe, hadi mafuta ya taa. Naam, mafuta ya taa, na mwanamke mrembo aliyevaa gauni la manjano ameshika taa kana kwamba ameshinda tuzo.

Kwa hivyo ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio pale Grand Café tarehe 28 Desemba 1895, lugha ya mabango ilikuwa imeshaiva. Siku hiyo ya kwanza waliingia watu 33 tu. Mwaka uliofuata Marcellin Auzolle akachora bango la filamu yao fupi ya mtunza bustani anayerushiwa maji usoni na mpira wake mwenyewe. Wengi wanalihesabu kuwa bango la kwanza kutengenezwa kwa ajili ya filamu moja maalum.

Na angalia ujanja wake. Auzolle hakuchora filamu peke yake. Alichora watu wamekaa ukumbini wakicheka, na filamu iko mbele yao kwenye kitambaa. Kumbuka hapo mtu wa kawaida hajui sinema ni nini. Ukimwonyesha picha ya mtunza bustani tu atadhani ni tangazo la mipira ya maji. Lakini ukimwonyesha watu kama yeye wamevaa vizuri, wanacheka hadi wanaegemeana, anaelewa mara moja kile anachokosa. Kuogopa kupitwa hakukuanza na Instagram, bana.

Kisha mchezo ukahamia Marekani na ukawa kiwanda. Bango la kawaida la ukumbi likawa na kipimo chake, inchi 27 kwa 41, na kuanzia 1940 shirika liitwalo National Screen Service likachukua usambazaji wa mabango ya studio kubwa. Mabango yalikunjwa kama barua, yakatumwa kwa posta, ukumbi ukayatumia na kuyarudisha ili yaende ukumbi mwingine. Hakuna aliyeyaona kama sanaa. Yalikuwa kama gunia la viazi: ukishamaliza viazi, gunia unalifanyia kazi nyingine. Wakati wa vita karatasi nyingi zilikusanywa na kusagwa upya.

Matokeo yake ni kwamba yaliyobaki yamekuwa dhahabu. Bango la filamu ya Kijerumani Metropolis ya 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, liliuzwa mwaka 2005 kwa dola 690,000. Piga hesabu, kwa kiwango cha leo ni zaidi ya shilingi milioni 80. Bango la Dracula la 1931 likauzwa dola 525,800 mwaka 2017. Karatasi! Karatasi ambayo mfagiaji wa ukumbi alipaswa kuitupa. Na wachoraji wa Hollywood wa enzi hizo, wengi wao walikuwa waajiriwa wa idara za studio au za viwanda vya kuchapa, wanapokea mshahara na hawaruhusiwi kutia sahihi. Ndiyo maana ukisoma orodha za minada unakuta bei ndefu na mbele ya jina la msanii pameandikwa "hajulikani".

Mmoja aliyeweza kuvunja huo ukuta ni Saul Bass. Huyu nampenda bila aibu. Mzaliwa wa Bronx, mwaka 1920, kazi yake ilikuwa ubunifu wa matangazo na nembo. Mwaka 1955 Otto Preminger akampa filamu ya The Man with the Golden Arm, kuhusu mtu aliyenaswa na heroini. Nyota wa filamu ni Frank Sinatra, mtu ambaye sura yake peke yake ingejaza ukumbi. Bass akaweka katikati mkono. Mkono mweusi uliovunjikavunjika, kama umekatwa kwa mkasi butu kutoka kwenye karatasi, vidole vimekakamaa. Sindano haipo na bado unaisikia mwilini.

Mwaka 1958 akafanya Vertigo ya Alfred Hitchcock: rangi ya chungwa inayowaka, mizunguko meupe kama kimbunga, na watu wawili wadogo wanaanguka ndani yake. Ukilitazama kwa muda kichwa kinaanza kukuzunguka, ambalo ndilo jina la filamu. Filamu haikufanya vizuri sana ilipotoka. Mwaka 2012 wahakiki waliohojiwa na jarida la Sight & Sound wakaichagua kuwa bora kuliko zote duniani. Bango halikuhitaji kungoja miaka 54.

Bass alikuwa na ofisi yake na jina lake, na alijua kulitetea. Mwaka 1995 Spike Lee alipotoa Clockers, bango lilikuwa na mwili uliokatwa vipande kama karatasi, sawasawa na Anatomy of a Murder ambayo Bass aliifanya mwaka 1959. Bass hakufurahi hata kidogo. Aliyelibuni, Art Sims, akasema ilikuwa ni kumpa mkongwe heshima yake. Sims mwenyewe si mtu mdogo, ni mbunifu Mweusi aliyefanya bango la Do the Right Thing na la Malcolm X, ile herufi X kubwa ambayo hadi leo unaiona kwenye kofia. Mimi kwa hili niko upande wa Bass, ingawa inaniuma kusema hivyo. Heshima bila kumwuliza mwenyewe ni kukopa bila ruhusa.

Lakini hata Bass alipitia. Kwa The Shining ya 1980, Stanley Kubrick alimrudishia mchoro baada ya mchoro akisema hapana, kabla ya kukubali lile la manjano lenye uso wa ajabu ndani ya herufi. Kwa hivyo wewe ambaye mteja wako amekuambia "badilisha kidogo" mara ya saba, jua uko kwenye ukoo mzuri.

Sasa twende Poland, na hapa naomba subira kwa sababu hii sehemu ndiyo iliyonifanya niandike.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Poland ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti. Sinema ilikuwa mali ya serikali, na mabango pia. Serikali ikawafuata wachoraji waliosomea sanaa, kina Henryk Tomaszewski, na wao wakakubali kwa sharti moja: tutachora kwa namna yetu. Na wakaachiwa. Kwa nini? Kwa sababu hakukuwa na mtu wa mauzo akipiga meza akiuliza sura ya nyota iko wapi. Tikiti zingeuzwa tu, sinema zilikuwa chache na watu walikuwa na kiu. Mwaka 1948 Tomaszewski akapeleka mabango yake kwenye maonyesho ya kimataifa Vienna, akarudi na tuzo tano za kwanza.

Kuanzia hapo ni balaa. Chukua Cabaret, filamu ya Berlin wakati Wanazi wanapanda. Marekani bango lilimwonyesha Liza Minnelli akiwa na kofia na soksi ndefu, sawa, limependeza. Wiktor Górka wa Poland, mwaka 1973, alichukua miguu ya wacheza densi, soksi na viatu, akaipanga ikawa swastika, na uso unacheka katikati. Mara ya kwanza nilicheka. Sekunde ya pili nikaacha kucheka. Hiyo ndiyo filamu yenyewe: watu wanastarehe, na ndani ya starehe kuna kitu kinajipanga.

Sitaki kuwauzia ndoto hapa. Nchi ile ilikuwa na wadhibiti, ilikuwa na polisi wa siri, na msanii aliyevuka mstari alijua kitakachomfuata. Ni ajabu tu kwamba ukuta wa barabarani, kwenye karatasi ya tangazo la filamu, ulikuwa mahali ambapo watu walipumua. Mafumbo yalipita kwa sababu yalivaa nguo za sinema.

Na mwaka 1989 fumbo likatoka nje mchana. Serikali ilikubali uchaguzi ambao kwa mara ya kwanza upinzani, Solidarity, ungeruhusiwa kugombea baadhi ya viti. Kijana mmoja anaitwa Tomasz Sarnecki akachukua picha ya Gary Cooper kutoka High Noon, filamu ya 1952 ya sherifu anayeachwa peke yake kupambana na wahalifu saa sita mchana. Cooper anatembea kukuelekea. Bastola hana, mkononi ameshika karatasi ya kura. Kifuani, juu ya nyota ya sherifu, kuna beji ya Solidarity. Chini pameandikwa tarehe: 4 Juni 1989.

Maze. Kila Mpolandi aliyewahi kuingia sinema alijua sherifu yule anafanya nini baadaye. Hakuna haja ya hotuba. Bango likabandikwa nchi nzima, na Solidarity ikazoa viti 99 kati ya 100 vya Seneti. Sisemi bango ndilo lililoshinda uchaguzi. Lakini kizazi kilichoandika mabango kwa kalamu ya wino mzito na kuyabeba Juni 2024 hakihitaji kuelezwa kwamba picha moja sahihi kwa wakati sahihi inafanya kazi ambayo aya ishirini haziwezi.

Na kwetu Afrika? Wengi mngetarajia niseme hatukuwa na chochote. Hebu njooni Ghana.

Miaka ya 1980 ikielekea mwisho, kanda za video zilifika. Watu wachache wakanunua televisheni, mashine ya video na jenereta, wakapakia kwenye gari, wakazunguka mitaani na vijijini wakionyesha filamu kwa kiingilio. Za Hollywood, za Hong Kong, za India, za Nigeria, za Ghana kwenyewe. Tatizo likawa namna ya kuzitangaza, kwa sababu kuchapisha mabango kulikuwa ghali na kugumu. Wakawaendea wachoraji wa vibao vya barabarani, wale wanaochora kinyozi na gereji. Karatasi kubwa hakuna, basi wakatwaa magunia ya unga, wakayafumua, wakayaunga kwa kushona, wakachora kwa rangi ya mafuta. Bango moja, la mkono, linakunjwa na kusafiri na jenereta kutoka mji hadi mji hadi rangi inapasuka.

Na michoro yenyewe! Mchoraji mara nyingine hakuwa ameiona filamu. Anapewa jina, pengine jalada la kanda, na maagizo: watu waje. Basi Arnold Schwarzenegger anapata misuli ambayo hata yeye hana. Nyoka anatokea kwenye filamu isiyo na nyoka. Vichwa vinakatwa ambavyo havikukatwa popote. Ni uongo, ndiyo, lakini ni uongo wa msimulizi mzuri, yule mjomba ambaye samaki wake kila akisimulia anaongezeka urefu. Na mimi nasimama na huyo mjomba. Bango la Hollywood la leo pia linakudanganya, tofauti ni kwamba linakudanganya bila juhudi.

Kwetu Kenya kwenye vibanda vya video kulikuwa na ubao wa chaki nje, majina ya filamu na saa, na baadaye zile DVD za filamu ishirini kwa moja zenye sura kumi na tano zilizobanwa kwenye jalada dogo. Uchoraji wetu wenyewe ulienda kwingine: ukaenda kwenye matatu. Nganya ni bango linalotembea, na nimeona sura za waigizaji zilizochorwa kwa rangi ya kupuliza ambazo zingewekwa mbele ya ukumbi wowote. Ndiyo maana sheria za Michuki za 2004, zilizotaka mstari wa manjano ubavuni, wengi wanazikumbuka kama mwaka ambao barabara zilipauka. Lakini nikipita karibu na nganya mpya, kona ya chini mara nyingi naona jina la mchoraji au karakana. Nganya inampa mchoraji nafasi ambayo Hollywood ilimnyima.

Ghana, televisheni zilipoingia majumbani na uchapaji ukawa rahisi, kazi ikakauka. Kisha Wamarekani wakaja kununua magunia. Mwaka 2000 Ernie Wolfe akatoa kitabu cha picha zake, Extreme Canvas. Leo kuna jumba la sanaa Chicago, Deadly Prey, linalowaagizia wachoraji kama Leonardo, Stoger na Heavy J mabango mapya, na wateja wanalipa mamia ya dola na zaidi. Angalau hawa majina yao yanatajwa. Waliochora miaka ya mwanzo, wakalipwa pesa ya siku na bango likaenda na gari, wengi wao tunawajua kwa sahihi tu iliyofifia kwenye gunia.

Kuna upande mwingine wa hii stori, na unatuhusu zaidi: sio nani amechora, ila nani amechorwa. Desemba 2013, 12 Years a Slave ikiwa inaelekea kutolewa Italia, yakatokea mabango ambayo sura kubwa ni ya Brad Pitt, jingine la Michael Fassbender. Pitt anaonekana kwenye filamu dakika chache. Chiwetel Ejiofor, ambaye filamu nzima ni maisha ya mtu anayemwigiza, alikuwa mdogo kule kando. Kelele zikapigwa, mabango yakaondolewa. Hiyo ndiyo filamu iliyompa Lupita Nyong'o wetu Oscar. Mwaka 2015, bango la Star Wars lililotumika China lilimpunguza John Boyega hadi akawa mdogo, na mhusika wa Lupita akaondolewa kabisa. Mwaka 2009, Couples Retreat ilipofika Uingereza, wanandoa Weusi walikuwa wamefutwa kwenye bango. Wanandoa wanne kwenye filamu, watatu kwenye karatasi.

Halafu watu wanasema ni tangazo tu. Kwa waigizaji wakubwa Weupe mambo haya hupimwa kwa rula. Kwa The Towering Inferno ya 1974, Steve McQueen na Paul Newman wote walitaka kutangulia, ikabidi McQueen awekwe kushoto chini kidogo na Newman kulia juu kidogo, ili kila mmoja aweze kusema yeye ndiye wa kwanza. Kwa hiyo nafasi kwenye bango ina maana, na wenye nguvu wanajua ina maana.

Ndiyo sababu bango la Us ya 2019 lilinigusa. Uso wa Lupita, macho yamefura machozi, na mkononi ameshika barakoa ya uso wake mwenyewe unaotabasamu. Hakuna kilichopunguzwa. Yeye ndiye bango.

Leo bango letu liko kwenye simu, kubwa kama stempu. Netflix walieleza mwaka 2017 jinsi wanavyombadilishia kila mtazamaji picha ya filamu kulingana na anachopenda kutazama. Mwaka uliofuata watazamaji Weusi wakalalamika kwamba wanaonyeshwa sura za waigizaji Weusi ambao kwenye filamu yenyewe wanapita tu. Netflix wakajibu kwamba hawamwulizi mtu rangi yake. Huenda ni kweli, na bado yale malalamiko yana uzito. Ni mjomba wa samaki tena, ila huyu hata hakujui na amekuandalia uongo wako binafsi.

Na sasa akili unde. Mwaka 2024 filamu ya Civil War ilitangazwa mtandaoni kwa picha za miji ya Marekani iliyoharibiwa, zilizotengenezwa na mashine. Watu wa Chicago wakagundua kwamba minara yao miwili ya Marina City, ambayo imesimama bega kwa bega, kwenye picha iko ng'ambo mbili tofauti za mto. Kampuni yenye pesa, filamu yenye uzito, na hakuna hata mtu mmoja aliyelipwa kuijua Chicago.

Rafiki yangu hubuni mabango ya filamu fupi na maigizo hapa Nairobi. Mteja mmoja alimwambia malipo yake yatakuwa kujulikana, halafu bango likatoka bila jina lake. Siku hizi wateja wana jibu jipya: mashine ni ya haraka, wewe utachukua wiki.

Haraka? Mwaka 1982 studio ilimpigia simu Drew Struzan, aliyefariki Oktoba 2025, yule wa Back to the Future na Indiana Jones. Walitaka bango la The Thing ya John Carpenter, na walilitaka kesho yake asubuhi. Hakuwa ameona hata picha moja ya filamu. Akavaa koti zito, mkewe akampiga picha, akakaa chini usiku kucha akachora mtu aliyesimama kwenye barafu na mahali pa uso wake panatoka mwanga mkali. Mtu wa kuchukua mzigo alipobisha asubuhi, rangi ilikuwa bado mbichi.